Upanga wa wapanda farasi wa Kijerumani: nimenunua sokoni, naomba msaada kujua ni halisi au nimepigwa

Mjukuu wa Mhunzi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Niko Wuppertal, Ujerumani. Majuzi nimepita soko la vitu vikuukuu, kuna mzee anauza saa mbovu, fremu za picha na vikombe, na pembeni kaegemeza upanga mezani. Ananiambia ni wa askari wapanda farasi wa enzi za Kaizari. Tukavutana bei, tukapatana, nikauviringisha ndani ya blanketi nikaondoka nao. Jamaa ninayekaa naye kaniangalia akacheka, eti hivyo vya kupamba ukuta vinafyatuliwa India kila siku.

Sifa zake ni hizi. Bapa limenyooka, halikupinda kama kitara, nimepima sentimita 82 hivi. Makali upande mmoja. Mpini mweusi, si mbao wala ngozi, una mabonde ya kukaa vidole. Kikinga mkono ni cha bati zito la chuma lenye matundu, katikati ametokeza tai mwenye taji, na kipande cha upande wa ndani kinakunjika kama bawaba. Ala ni ya chuma, nyeusi, ina pete moja. Kwenye bapa karibu na mpini kuna vichwa viwili vidogo, kimoja cha mfalme na kingine cha shujaa aliyevaa kofia ya chuma, halafu maandishi yaliyofifia, nasoma "Solingen".

Hilo Solingen ndilo lililonifanya nitoe hela. Nimepatia?

---

Kichwa Ngumu

Solingen umemaliza mkuu. Funga uzi.

---

Kijana wa Kwamtoro

Mkasi wa kinyozi wangu umeandikwa Solingen. Naye ni mpanda farasi wa Kaizari?

---

Nyundo na Fuawe

Usifunge uzi bado. Kijana wa Kwamtoro katania, ila kasema neno zito kuliko alivyokusudia.

Solingen ni mji wa vyuma. Uko hapo hapo jirani yako, Mjukuu, unafika kwa treni kabla hujamaliza kahawa. Mafundi wa pale wamefua mabapa kwa mamia ya miaka na wamemuuzia kila mwenye fedha: majeshi ya Ulaya, Marekani, Amerika ya Kusini, Waturuki, hata Ethiopia, ambako mapanga mengi ya wakubwa wa enzi za Menelik yana bapa la Kijerumani chini ya mpini wa Kihabeshi. Jeshi la Chile lilifundishwa na maofisa wa Kijerumani, likaagiza Solingen mapanga ya sura hiyohiyo ya kwako, tofauti ikiwa nembo ya Chile kwenye kikinga mkono. Sasa mtu akikuletea upanga ulioandikwa Solingen akakuambia ni wa jeshi la Ujerumani, amekuambia ulikozaliwa tu. Hajakuambia ulikofanya kazi.

Kosa la wengi ni kuanza na jina la mtengenezaji kwa sababu ndilo linalosomeka kwa urahisi. Mimi jina naliangalia mwisho. Kwanza mgongo wa bapa, pili kikinga mkono, tatu mdomo wa ala. Hapo ndipo serikali iligonga mihuri yake, na serikali ya Prusia, nchi ya Kaizari mwenyewe, ilikuwa na ugonjwa wa kugonga mihuri, Mungu aibariki.

Kwa maelezo yako huo ni mfano wa mwaka 1889, wakusanyaji huuita KD89. Sura inakubali: bapa lililonyooka, tai wa Prusia, kile kipande kinachokunjika, mpini wa mchanganyiko mgumu mweusi. Lakini sura huigwa. Fanya hivi: geuza upanga makali yatazame chini, angalia ule upande butu, mgongo wenyewe, pale unapokutana na mpini. Kuna kitu kimegongwa? Halafu niandikie kila herufi na namba iliyo kwenye kikinga mkono, ndani na nje, na kwenye mdomo wa ala. Usisugue kitu! Tumia tochi uielekeze kwa ubavu, kivuli ndicho kitakachokusomea.

---

Mjukuu wa Mhunzi

Mkuu asante. Nimetumia tochi ya simu kama ulivyosema, vimejitokeza vitu ambavyo mchana sikuviona.

Mgongoni: taji dogo, chini yake W, chini yake 94.

Kikinga mkono: 13. U. 3. 57.

Mdomo wa ala: 16. D. 4. 112.

Pia kuna viherufi vidogo sana vyenye taji juu, vya maandishi ya Kijerumani cha zamani, kwenye mpini na kwenye ala. Hivyo sijaviweza kusoma.

---

Kichwa Ngumu

W ni Wilhelm. Hata mimi hiyo najua.

---

Nyundo na Fuawe

Wilhelm yupi, ndugu yangu?

Hapa watu wengi huteleza. Dola ya Ujerumani baada ya 1871 ilikuwa na mfalme wa Prusia juu kama Kaizari, lakini Bavaria, Saksonia na Württemberg walibaki na wafalme wao na majeshi yenye mihuri yao. Kwa hiyo herufi iliyo chini ya taji inamtaja mtawala wa nchi iliyopokea silaha, na namba ni tarakimu mbili za mwisho za mwaka ilipopokelewa. Saksonia utakuta A ya Albert, na baadaye FA ya Friedrich August. Bavaria utakuta L. Prusia ni W ya Wilhelm wa Pili, aliyetawala 1888 hadi 1918. Mtego ni kwamba Württemberg nao tangu 1891 walikuwa na mfalme wao aliyeitwa Wilhelm wa Pili. W mbili, wafalme wawili, jina moja, namba moja. Ukiwa na bapa tupu lililochomolewa mpini, lenye W na 94, huwezi kuapa ni la nani.

Wewe una tai. Kwenye mifano ya 1889 kila nchi iliweka nembo yake kwenye kikinga mkono, na tai ni wa Prusia. Basi W yako ni ya Berlin, mwaka 1894.

Sasa tamu yenyewe. 13. U. 3. 57. Namba ya kwanza ni rejimenti. U ni Ulanen, wapanda farasi wa mikuki. 3 ni skwadroni, yaani kikosi kidogo ndani ya rejimenti. 57 ni namba ya silaha katika skwadroni hiyo. Ulanen wa 13 walikuwa rejimenti ya Hannover, wakiitwa Königs-Ulanen. Kijana mmoja wa skwadroni ya tatu alipewa upanga wa 57, akaambiwa ukipotea utalipa.

Ala ni habari nyingine. D ni Dragoner, aina nyingine ya wapanda farasi. Rejimenti ya 16 ya Dragoner ilikaa Lüneburg. Kwa maana hiyo upanga wako umevaa nguo ya mtu mwingine.

---

Mjukuu wa Mhunzi

Duh. Yaani nimeuziwa wa kuungaunga?

---

Nyundo na Fuawe

Umeuziwa upanga halisi na ala halisi ambavyo havikuanza maisha pamoja. Hiyo si sawa na kughushi. Angalia ramani: Lüneburg na Hannover ni majirani, na rejimenti zote mbili zilikuwa chini ya jeshi la kumi, lililokuwa na makao Hannover. Silaha zilikwenda ghalani, zikakarabatiwa, ala iliyobonyea ikatupwa, ikachukuliwa iliyokuwa karibu. Ingewezekana pia mchuuzi wa mwaka 1975 alikuwa na upanga usio na ala na ala isiyo na upanga akaona avifungishe ndoa. Chuma hakitatuambia ni lipi kati ya hayo. Ila ala ingekuwa ya Bavaria ningeegemea kwa mchuuzi moja kwa moja.

Kwa bei, namba zisipolingana thamani hushuka. Kwa historia mimi binafsi zinanipendeza zaidi zisipolingana, sijui kwa nini.

Vile viherufi vyenye taji ni mihuri ya wakaguzi. Kila kipande kilikaguliwa peke yake, ndiyo maana viko kwenye mpini, kwenye kikinga na kwenye ala. Waghushi wengi hugonga muhuri mkubwa wa mgongoni wakasahau hivi vidogo, au huvigonga vyote kwa herufi ileile na kina kilekile, kama mtu aliyefanya kazi yote asubuhi moja.

Na sasa ndiyo tufike kwa mtengenezaji. Kichwa cha mfalme na cha shujaa mwenye kofia ya chuma ni alama ya Weyersberg, Kirschbaum & Co., wale wa WKC. Kampuni mbili za zamani za Solingen ziliungana mwaka 1883, kila moja ikaja na kichwa chake. Bapa la 1894 likiwa na vichwa vyote viwili, hesabu inakubali. Ungekuta vichwa vyote viwili pamoja kwenye bapa lenye muhuri wa 1870, hapo ungekimbia.

---

Kijana wa Kwamtoro

Mkuu nimefuata darasa tangu mwanzo. Swali: mtu wa India au Pakistani anashindwa nini kugonga W na 94 na hizo namba?

---

Nyundo na Fuawe

Hashindwi. Swali ni kwa nini ahangaike. Hakuna mtu anayeghushi noti ya elfu moja wakati ya elfu kumi ipo. Upanga wa askari wa kawaida wa 1889 ulitengenezwa kwa wingi, upo kila mnada wa Ujerumani, bei yake haimtajirishi mtu. Wanachoghushi ni vitu vya maofisa, mabapa yenye michoro ya rejimenti za walinzi wa Kaizari, vitu vya enzi ya Hitler, na siku hizi vitu vya makoloni. Kwa hiyo kitu kikiwa cha hadhi ya juu, shaka nayo iongezeke kwa kiwango hichohicho.

Lakini vipo vya kuangalia hata kwa cha bei ndogo. Pale juu kabisa ya mpini, bapa lina ulimi wa chuma unaopita ndani ya mpini hadi kileleni. Kwa upanga wa jeshi ncha ya ulimi huo imegongwa kwa nyundo ikatandazwa, unaona kijungu cha chuma kilichobana. Vya ukutani vingi vina nati ya kufungua kwa spana. Halafu shika kikinga: bati la kweli limekandamizwa kwa mashine, kingo zake kali na tai ana manyoya yanayohesabika. Kilichomiminwa kwenye udongo kina vitundu vidogo kama uso uliougua ndui na tai ananenepa. Uzito pia. Upanga wa kweli ukiunyoosha mbele haukuburuti mkono, mizani yake iko karibu na mpini. Cha kupamba kinavuta chini kwenye ncha kwa sababu bapa lake ni unene mmoja mwanzo hadi mwisho. La kweli hupungua unene kuelekea nchani. Chukua kalipa, pima sehemu tatu.

Angalia na mng'ao. Bapa lako ni chuma kitupu, au limepakwa?

---

Mjukuu wa Mhunzi

Chuma kitupu, kijivu, kina madoa ya kahawia. Na nimeona jambo: makali yamenolewa, ila mkwaruzo wa kunoa haufiki hadi kwenye mpini, unaishia kama kiganja hivi kabla.

---

Nyundo na Fuawe

Hapo umenifurahisha kuliko namba zote.

Wakati wa amani mapanga ya wapanda farasi wa Kijerumani yalikaa butu. Ilipotoka amri ya kuhamasisha jeshi Agosti 1914, yalipelekwa yakanolewa. Upanga wa 1894 ulionolewa kwa jiwe la karakana, mkwaruzo ukiwa wa mshazari na wenye mpangilio, una dalili nzuri ya kwamba ulikuwepo kwenye rejimenti siku ile. Nasema dalili. Hata mjukuu wa mtu angeweza kuunoa akatie nyasi. Piga picha ya karibu: mistari ikiwa sawasawa na ya pembe moja ni ya mashine, ikiwa inakwenda huku na huku ni ya mtu na tupa.

Na kwa wanaowaza mashambulizi ya panga juu ya farasi: kufikia 1890 wapanda farasi wote wa Ujerumani, si Ulanen peke yao, walipewa mkuki wa bomba la chuma wenye urefu wa mita 3.2. Upanga ukawa silaha ya pili, ukining'inizwa kwenye tandiko. Ndiyo maana ala ina pete moja tu na imepakwa nyeusi isimete juani.

---

Shemeji wa Moshi

Wakuu naomba niingilie, nisianzishe uzi mwingine. Huku Kilimanjaro kuna mzee anauza upanga anasema ni wa wapanda farasi wa Lettow-Vorbeck, yule kamanda wa Wajerumani huku kwetu Vita ya Kwanza ya Dunia. Umepinda, mpini una kichwa cha simba wa shaba, macho mekundu ya kioo, bapa linang'aa kama kioo na lina michoro ya majani. Mgongoni hakuna muhuri. Karibu na mpini kuna maandishi madogo "Made in Germany". Anataka pesa ndefu kweli.

---

Binti Mkunazini

"Made in Germany" kwa Kiingereza, kwenye upanga wa ofisa wa Kaizari. Hebu mjibuni huyu kabla hajatoa mahari.

---

Nyundo na Fuawe

Binti kamaliza, ila nieleze sababu.

Kwanza muhuri kutokuwepo mgongoni si kosa. Ofisa alijinunulia silaha yake dukani, haikupita kwa wakaguzi wa serikali, kwa hiyo vitara vya vichwa vya simba karibu vyote havina W wala namba ya rejimenti. Hata askari wa kawaida mwenye uwezo alijinunulia upanga mwembamba wa kutokea mjini, uliong'arishwa kwa nikeli. Navyo ni halisi, ila si vya vita. Tena nikeli ina umanjano wa mbali, kromu ina ubuluu. Mng'ao wa kromu ulianza kuenea viwandani miaka ya 1920, kwa hiyo bapa la kromu na hadithi ya 1914 havikai meza moja.

Pili, hayo maandishi. Sheria ya Uingereza ya 1887 ilitaka bidhaa za kigeni zionyeshe zilikotoka, na Marekani wakafuata na sheria yao ya ushuru ya 1890. Ndiyo asili ya Wajerumani kuandika nchi yao kwa Kiingereza. Ofisa aliyenunua Berlin hakuhitaji kuambiwa kwa Kiingereza kwamba yuko Ujerumani. Huo ulitengenezwa kuuzwa nje. Ungekuta "West Germany" ingekuwa wazi zaidi, nchi hiyo haikuwepo kabla ya 1949.

Tatu, wapanda farasi wenyewe. Afrika Mashariki ya Kijerumani haikuwa nchi ya farasi. Mbung'o waliwaua. Jeshi la koloni lilitembea kwa miguu, askari na bunduki na bayoneti, wapagazi nyuma. Kaskazini huko kwenu walikuwepo walowezi wachache waliopanda farasi vitani, lakini rejimenti ya kupiga mbio na panga mkononi haikuwepo. Waliokuwa na jeshi la farasi ni Afrika ya Kusini-Magharibi, Namibia ya leo. Kwa hiyo upanga wa Kijerumani ukionekana Moshi au Tanga, dhana ya kwanza iwe ofisa au efendi (ofisa Mwafrika wa jeshi la koloni) aliyeuvaa gwarideni. Neno "wapanda farasi" limeongezwa na muuzaji kwa sababu linauza.

Mwambie mzee wako ni kitara kizuri cha mtindo wa kiofisa, umpe bei ya kitu cha pambo. Akikataa mwache nacho.

---

Shemeji wa Moshi

Nimemwambia ya Kiingereza. Kasema Lettow alikuwa anajua Kiingereza.

---

Binti Mkunazini

😂😂 Na mimi ninalo langu. Kwa ndugu zetu Maskati kuna upanga wa babu, umenyooka, mpini mrefu wa kioman usio na kikinga, bapa lina mchoro kama mbwa anakimbia. Mjomba anasema ni Mjerumani.

---

Nyundo na Fuawe

Mjomba anaweza kuwa sahihi. Huyo si mbwa, ni mbwamwitu. Ilikuwa alama ya mafundi wa Passau, Solingen wakaiiga, na mabapa yenye mbwamwitu yakasafiri na biashara hadi Uarabuni na Sudan. Omani mabapa ya Ulaya yalithaminiwa sana na kuvalishwa mipini ya kienyeji. Tatizo ni kwamba mafundi wa huko nao waliiga mbwamwitu kwa sababu wanunuzi walimtaka, na wengine wakamchora kama mbuzi. Mchoro peke yake hautoshi, mtu inabidi aushike. Hata hivyo huo ni mtindo wa kioman, hauna uhusiano na rejimenti.

---

Mjukuu wa Mhunzi

Wakuu nimejaa furaha. Maswali ya mwisho. Nisugue madoa kwa msasa? Nitafute ala ya namba 57? Na nikija nao Tanga likizo?

---

Nyundo na Fuawe

Msasa hapana. Ukipitisha msasa mgongoni umefuta 94, na ukifuta 94 umebaki na chuma cha Solingen kama mkasi wa yule kinyozi. Kutu nyekundu inayotoka kwa kidole ndiyo adui: mafuta mepesi ya mashine, kitambaa, uvumilivu. Kahawia iliyotulia iache, ni ngozi yake. Rangi nyeusi ya ala usiiguse hata ikiwa imebanduka. Na usiulaze ndani ya ala miezi mingi, unyevu hukaa humo.

Ala ya 57 usiitafute. Ikijitokeza yenyewe baada ya wewe kutangaza kwamba unaitaka, namba hiyo imegongwa wiki iliyopita.

Kusafiri: hapo Ujerumani kisu cha bapa lisilokunjika linalozidi sentimita 12 hakibebwi hadharani hivihivi, kwa hiyo mambo ya blanketi yaishe. Usafirishe ndani ya kasha lililofungwa kwa kufuli. Kwenye ndege ni mzigo wa chini, na uulize shirika la ndege na forodha ya Tanzania kwa maandishi kabla ya kukata tiketi. Mimi ningeuacha huko. Kabla ya yote nenda Gräfrath, pale Solingen, kuna Deutsches Klingenmuseum, makumbusho ya mabapa ndani ya jengo lililokuwa nyumba ya watawa. Nenda na picha za mihuri, upanga ubaki nyumbani. Linganisha manyoya ya tai wako na tai wao, kisha uje utuwekee picha hapa, hasa ya ule mkwaruzo wa makali, maana hilo la 1914 bado sijaliamini hadi nilione.